Umetoka jeshi la Marekani unataka kuongoza ndege ukiwa ardhini (si urubani): chuo au FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, moja kwa moja?
Hili swali haliishi jamani. Ukiomba FAA moja kwa moja hulipi ada, ukipita ATSA, mtihani wa kuchuja waombaji, na vipimo vya afya unapelekwa akademi ya Oklahoma City na unalipwa ukiwa darasani, ila pale wanaofeli si wachache na ukifeli unarudi mikono mitupu. Chuo cha mpango wa CTI, yaani vyuo vinavyofundisha kazi hii kwa makubaliano na FAA, kinachukua muda zaidi lakini GI Bill, msaada wa masomo kwa waliotumikia jeshi, inabeba ada hadi miezi 36, na cheti kinabaki chako hata usipoajiriwa. Umri sasa, hapo ndo pagumu, mwisho uwe hujafika 31, kwa hiyo mwenye 29 chuo kitamla muda wote, wa 22 mbona ana nafasi. Kama jeshini uliongoza ndege wiki 52, we tafuta tangazo la FAA la wazoefu, wanapokea hadi miaka 35.