Mashua ya tanga kutoka Kigoma hadi Gombe: tathmini ya safari ya kifamilia

Mtu anayetaka kuipeleka familia yake ziwani kutoka Kigoma kwa kawaida huwa na njia mbili: maboti ya mbao ya abiria yanayotoka Kibirizi, ambayo ni nafuu lakini hujaa watu na mizigo, au boti za mwendo kasi zinazokodiwa na watalii, ambazo humaliza safari kabla watoto hawajazoea maji. Huduma ninayoitathmini hapa ni mashua ya tanga, yenye injini ndogo ya akiba, inayokodiwa pamoja na nahodha na baharia mmoja kwa ajili ya kuufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika taratibu, kulala njiani na kurudi. Tulikuwa watu wazima watatu, akiwamo mama mkwe wangu, pamoja na watoto wawili, mkubwa wa miaka 10 na mdogo wa miaka minne. Jina la mwenye mashua sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya niliyoyaona yanahitaji kurekebishwa, na naamini anaweza kuyarekebisha.

Thamani ya huduma hii imo kwa nahodha kuliko katika chombo chenyewe. Alitueleza tangu jioni kwamba asiyekuwepo ufukweni saa kumi na moja alfajiri ataachwa, na hakuwa anatania. Usiku na alfajiri hewa iliyopoa juu ya vilima hushuka kuelekea majini, na upepo huo wa umande ndio unaokitoa chombo ghubani bila kuwasha injini. Jua likishapanda na nchi kavu kupata moto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, nayo mawimbi huanza kupiga ufukweni. Zaidi ya hayo, katika miezi ya kiangazi kusi huvuma kuelekea kaskazini, kwa hiyo kwenda Gombe, iliyo kaskazini mwa Kigoma, ni kusukumwa mgongoni na kurudi ni kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo. Nahodha alilijua hili kwa saa na kwa mahali, na kabla ya kukubali siku ya kuondoka alisikiliza kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Jinsi alivyoishi na watoto ndiyo iliyonifanya niandike. Kila alipotaka kugeuza chombo alipaza sauti, “Wanangu, vichwa chini!” kisha akasubiri hadi aone wote wameinama ndipo tanga lihamie upande wa pili. Mkubwa alipewa kazi ya kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, kwa kopo lililokatwa, akaifanya kwa bidii ambayo nyumbani hatujawahi kuiona. Mama mkwe aliwekewa godoro jembamba karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma, mahali ambapo chombo hakirushi sana, na nahodha hakuacha kumuuliza, “Bibi, unaendeleaje?” hata alipokuwa ameshughulika na usukani.

Chakula kilikuwa kizuri kupita matarajio: migebuka ya kuchoma, ugali wa muhogo, na mboga iliyoungwa kwa mawese. Jiko la mkaa liliwekwa ndani ya sanduku la bati lililojazwa mchanga, likafungwa kwa kamba kwenye mbao za chombo, na ndoo ya maji ikakaa kando yake muda wote moto ulipowaka. Mimi huangalia vitu kama hivyo kabla ya kuangalia sahani. Maji ya kunywa yaliletwa kutoka mjini katika madumu, jambo la lazima, kwa sababu maji ya ziwa hudanganya kwa weupe wake.

Mgeni asidhani kwamba mashua inaweza kutia nanga popote. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, na upande wa Gombe milima huingia majini moja kwa moja, kiasi kwamba hatua chache kutoka ukingoni nanga haipati pa kushika. Nahodha alitafuta kijighuba chenye mchanga karibu na mdomo wa kijito, akafunga pia kamba ya pili kwenye mti. Usiku huo haukuwa na mwezi, na taa za wavuvi wa dagaa zilitanda ziwani hadi mdogo akauliza huo mji unaitwaje. Kwenye mbalamwezi wavuvi hao hupumzika, kwa hiyo anayetaka kuwaona achague tarehe zake vizuri.

Gombe yenyewe, ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kuanza utafiti wake wa sokwe, haikuwa kiini cha safari yetu. Viingilio vya hifadhi hulipwa mbali na kodi ya mashua, na watoto wadogo hawaruhusiwi kufuata sokwe msituni. Familia yenye watoto wa umri huo ipange tangu mwanzo nani atabaki nao ufukweni.

Sasa kasoro. Majaketi ya kujiokoa yalikuwepo ya kutosha, lakini yote yalikuwa ya watu wazima. Nilimvalisha mdogo, nikafunga mikanda yote, kisha nikalishika jaketi mabegani na kulivuta juu: likapanda hadi masikioni. Majini jaketi la namna hiyo humtoka mtoto au humziba uso, na ndiyo maana majaketi ya watoto huwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Tulikuwa na letu tulilolileta kutoka nyumbani, vinginevyo tungerudi palepale. Choo ni ndoo nyuma ya pazia la turubai. Watoto walifurahi, mama mkwe hakufurahi. Simu nazo hukosa mtandao katika baadhi ya maghuba, na chomboni hakuna redio ya mawasiliano.

Bei ilikuwa shilingi 400,000 kwa siku kwa mashua nzima, chakula kikiwamo, ambayo kwa watu watano naiona ya haki. Mafuta hulipwa kwa kadiri yanavyotumika, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa kuwa wakati wa kurudi kusi lilikuwa kali na injini ilifanya kazi sehemu kubwa ya njia. Inafaa kukubaliana kiwango cha juu cha mafuta kabla ya kutoa malipo ya awali, na kukiandika.

Kwa familia yenye watoto wa miaka minane na kuendelea ningeipendekeza huduma hii bila kusita. Wenye watoto wadogo zaidi waje na majaketi yao, au wasubiri hadi mwenye mashua atakapoyanunua. Nilipomweleza aliniomba nimwandikie vipimo.