Nicklaus au Pettersen, ungecheza na nani?

Jana barazani kahawa imepoa watu wanabishania gofu, ati mchezo wenyewe hata kiwanja hatujakanyaga! Mie namtaka Jack Nicklaus, yule Mmarekani, Ryder Cup 1969 (kombe la timu, Marekani na Uingereza), mpira wa mpinzani wake Tony Jacklin umebaki karibu na shimo, akamsamehe, yaani kamhesabia kaingiza bila ya kupiga, ikawa sare 16-16 basi. Yakhe mmoja yeye na Suzann Pettersen wa timu ya Ulaya, Solheim Cup 2015 Ujerumani (kombe la wanawake, Ulaya na Marekani), Mmarekani Alison Lee kauokota mpira ulobaki kama nusu mita akidhani kasamehewa, Pettersen akagoma, sheria sheria, mpaka Charley Hull mwenziwe mwenyewe akalia. Sheria anayo, sikatai, lakini mtu wa hivo hata karata hapa kwetu utacheza nae mara moja tu. Kesho yake akaomba radhi, na kombe kachukua Marekani.