Siagi ya shea kichwani: uzoefu wangu wa miaka miwili na ukavu wa Dodoma

Nimezaliwa Tanga na nimekulia kwenye mafuta ya nazi. Mama alikuna nazi, akakamua tui zito, akalichemsha polepole mpaka mafuta yakajitenga na mashapo yakawa ya kahawia, na hayo ndiyo tuliyopaka kichwani na mwilini sote nyumbani. Pwani hewa yenyewe ina maji. Unapaka asubuhi, jioni nywele bado laini. Sikujua hasa nywele kavu ni kitu gani mpaka nilipohamia Dodoma kikazi.

Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na zikishakatika ni upepo, vumbi na jua mpaka mwisho wa mwaka. Nywele zangu ni za kipilipili, zile zinazojikunja kabisa, na nina miaka saba sijaziweka dawa. Kiangazi cha kwanza zilianza kukatika. Nikichana, vipande vifupi vinajaa kwenye beseni na kwenye mabega ya blauzi. Mafuta ya nazi asubuhi za Juni nayakuta yameganda kwenye chupa, maana huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hata nikiyayeyusha, saa sita mchana kichwa kimekauka kama sijapaka chochote.

Msusi wangu wa Majengo ndiye aliyenitajia siagi ya shea, mafuta mazito yanayotokana na mbegu za mti uitwao mshea. Safari iliyofuata ya Dar nikanunua Kariakoo kopo la gramu 250, shilingi 12,000, siagi ya Ghana isiyosafishwa, rangi ya maziwa ya mtindi, ngumu kama sabuni ya kipande.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa mbaya na nataka nizieleze vizuri, kwa sababu naona watu wengi wanaiacha hapo hapo. Nilikuwa naipaka asubuhi kwenye nywele kavu, nyingi, nikiamini kwamba inalainisha yenyewe. Kwa juu nywele zikang'aa, ukizishika zinateleza, lakini ukivuta shina moja moja ni kavu vilevile na linakatika. Vumbi la barabarani likanasa kichwani. Kitana kikitoka kina utando wa kijivu. Nilisikitika sana, kwa sababu nilikuwa nimeitegemea.

Kosa halikuwa kwenye siagi. Shea ni mafuta matupu, haina tone la maji ndani yake. Kinacholainisha unywele ni maji, na kazi ya mafuta haya ni kukaa juu ya unywele na kuyachelewesha yasitoroke. Mafuta ya nazi yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele kuliko mafuta mengi, ila hayazibi kwa muda mrefu. Shea hubaki juu na huziba. Ukiipaka kwenye unywele mkavu unaufungia na ukavu wake, na maji unayazuia yasiingie. Nilipolielewa hili nilibadilisha kila kitu.

Sasa naosha Jumamosi. Nikimaliza na kondishna sifuti kwa taulo, naacha maji yachuruzike yenyewe, nagawa kichwa mafungu manane. Kila fungu nalipulizia maji tena kama limeanza kukauka, napaka kondishna kidogo ile ya kuacha kichwani, kisha nachukua siagi ya ukubwa wa punje ya harage. Naisugua viganjani mpaka iyeyuke kabisa na kuwa mafuta, ndipo naipitisha kwenye nywele, nikianzia kwenye ncha. Ncha ndizo kongwe kuliko sehemu nyingine ya unywele, ndizo zinazopasuka. Kila fungu nalisuka butu, nafunga kitambaa cha satini, nalala.

Matokeo kwangu: kwa mafuta ya nazi peke yake nilikuwa nalazimika kupulizia maji kila asubuhi. Kwa shea juu ya nywele mbichi nafika Jumatano kabla sijahitaji kugusa tena, hata Agosti na Septemba, wakati upepo wa Dodoma ni mkali kweli. Kukatika kulianza kupungua mwezi wa pili. Sasa nywele zangu zikinyooshwa zinafika mabegani, na hazijawahi kufika hapo tangu nilipokuwa sekondari. Sidai kwamba shea inaotesha nywele. Nywele zilikuwa zinaota siku zote, zikikatikia njiani.

Baadaye nilipata aina ya pili, na hapa ndipo nilipoipenda kwa moyo wote. Shoga yangu ana ndugu Lira, kaskazini mwa Uganda, akaniletea kopo kutoka huko, ambako wenyewe wanaiita moo yao na wanaitia hata kwenye mboga. Mshea unaota kwenye ukanda mrefu unaoanzia Senegal na kuishia Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na ule wa mashariki ni jamii ndogo tofauti na wa Afrika Magharibi. Mafuta yake yana asidi ya oleiki nyingi zaidi, ile sehemu ya mafuta isiyoganda upesi, kwa hiyo ni laini. Ile ya Ghana asubuhi ya Julai naikwangua kwa kijiko. Hii ya Uganda naichota kwa kidole, inayeyuka kabla sijaisugua. Harufu yake pia ni ndogo, kama karanga mbichi. Ya Ghana niliyonunua ilinukia moshi, na hilo linatokana na utengenezaji wake wa asili: akina mama huokota mbegu, huzichemsha na kuzikausha, huzibangua, hukaanga kiini, husaga, kisha hukanda lile rojo na maji kwa mikono mpaka mafuta yaelee. Ni kazi ya siku kadhaa. Tangu nilipojua, nimeacha kulalamikia bei.

Kama umepata ile ngumu, usiitupe. Mimi naichanganya na mafuta ya alizeti, maana Dodoma na Singida alizeti ndiyo yetu. Vijiko vitatu vya shea kwa kimoja cha alizeti, kwenye bakuli lililokalishwa juu ya sufuria ya maji moto, bila kuchemsha. Ikishayeyuka yote, bakuli moja kwa moja kwenye friza dakika kama ishirini, halafu napiga kwa mashine ya keki mpaka inavimba na kuwa nyeupe. Mara ya kwanza niliiacha ipoe yenyewe mezani, ikatoa chengachenga kama mchanga. Haijaharibika ikiwa hivyo. Mafuta yaliyomo ndani yake huganda kwa joto tofauti, na ikipoa taratibu, yale mazito hujikusanya kwanza. Irudishe kwenye moto uipoze haraka. Na vyombo viwe vikavu kabisa, kwa kuwa maji yakiingia mchanganyiko haukai.

Kuna mambo sikuyapenda. Ngozi ya kichwa haiitaki, angalau yangu. Nilipoipaka kwenye mistari ya twende kilioni nilipata mba nene na muwasho ndani ya siku nne, nikalazimika kufumua. Ikishuka kwenye paji la uso inaniletea vipele. Haitoki kwa maji ya baridi na sabuni kidogo. Unahitaji maji ya uvuguvugu na shampuu, mara mbili wakati mwingine, na kama umezoea kukaa mwezi bila kuosha, itajaa mpaka nywele ziwe nzito na kukataa maji. Kwa mtu mwenye nywele laini na nyembamba nadhani itazilaza tu.

Binti yangu wa miaka saba ana nywele kama zangu, ila nzito zaidi. Zamani Jumapili jioni, siku ya kumsuka kwa ajili ya shule, ilikuwa siku ya kilio na mimi nilikuwa naumia kuliko yeye. Siku hizi nazilowanisha, napaka siagi kidogo na kondishna, nafumua kwa vidole kuanzia kwenye ncha, chanuo ndilo la mwisho. Bado analalamika. Lakini halii, na juzi aliniomba nimwachie afumue fungu moja mwenyewe.

Kuhusu kununua: kwenye vipodozi vya dukani, shea huandikwa Butyrospermum parkii, jina la zamani la mti huo. Maelezo ya viungo hupangwa kwa wingi, kwa hiyo ukiliona jina hilo mwishoni kabisa, karibu na manukato, ujue umenunua kitu kingine kilichoonjeshwa shea. Ikiwa nyeupe pee na haina harufu, imesafishwa. Inafunga maji vilevile, ila imepoteza baadhi ya vitu vyake vya asili. Ya manjano iliyokolea mara nyingi imetiwa rangi kwa mizizi, ndivyo wafanyavyo sehemu nyingine za Afrika Magharibi, na si dalili ya ubora. Niliwahi kuuziwa mtandaoni kopo lililokuwa mafuta mgando yenye manukato. Nililitambua kiganjani: shea halisi ikipata joto la mwili inayeyuka na kuwa mafuta mepesi, lile lilibaki utando mzito. Jaribu hivyo kabla hujalipa, muuzaji akikubali.

Jambo moja linaniuma. Mshea huchukua miaka 15 hadi 20 kuanza kuzaa vizuri, na kaskazini mwa Uganda umekatwa sana kwa ajili ya mkaa, mpaka Rais Museveni akatoa amri mwaka 2023 ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kutoka huko. Kila ninapomwagiza shoga yangu namwomba anunue kwa akina mama wenyewe wanaookota, hata wakiongeza bei.

Kopo la sasa limebaki robo. Safari hii nimeagiza kilo nzima, nusu yake ya dada yangu wa Tanga aliyeona nywele zangu kwenye harusi akaitaka. Nimemwambia kule kwao aiweke mahali pa baridi, na apake nusu ya ninachopaka mimi, maana kwa joto na unyevu wa pwani itamtiririka shingoni. Na mafuta ya nazi ya mama asiyaache.