Sarafu ya Kwanza ya Fedha Kutoka Meli Iliyozama: Uanze na Ipi?

Anza na riyali ya John Barry. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza huwa wameshaipenda sarafu ya Atocha, meli ya Kihispania, ile ya kombokombo iliyopigwa kwa nyundo, na wanachotaka ni mtu wa kuwaambia wailipie. Subirini kwanza.

SS John Barry ilikuwa meli ya mizigo ya Marekani. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1944 ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani, U-859, nje ya pwani ya Oman. Ndani yake mlikuwa na riyali milioni 3 za fedha zilizopigwa Philadelphia kwa ajili ya Saudi Arabia. Zilikaa kwenye kina cha mita 2,600 hivi mpaka 1994, zilipoopolewa zaidi ya milioni 1.3. Wingi huo ndio unaoifanya bei yake iwe ya mtu wa kawaida. Zaidi ya hapo, ni sarafu ya mashine: kila moja ilitoka na gramu 11.6, fedha yake sehemu 917 kwa 1,000. Mgeni wa mambo haya anaweza kuipima mwenyewe, na hilo kwangu ni kubwa kuliko umri wa meli.

Kasoro yake ni moja, tena kubwa. Riyali za namna hiyo hiyo zilizunguka sana nchi kavu, zikanunulia tende na mbuzi, wala hazikuonja bahari. Ukiuziwa bila cheti cha uopoaji, umenunua riyali ya zamani tu, na bei iwe ya riyali ya zamani. Tofauti ya bei unayolipa ni ya karatasi. Kwa hiyo isome karatasi kabla ya kuitazama sarafu: imetolewa na nani, inataja meli na mwaka wa kuopolewa, ina namba na picha ya sarafu hiyo hiyo? Cheti kilichochapwa na muuzaji mwenyewe jana usiku kina thamani ya neno lake, si zaidi.

Sasa kipimo. Mimi nilifundishwa na sonara mmoja Mombasa, mzee asiyependa maneno mengi. Aliweka bilauri ya maji juu ya mizani yake, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, akairudisha kwenye sifuri. Akaifunga riyali yangu kwa uzi wa kushonea, akaizamisha majini ikining'inia, isiguse chini wala ubavuni. Mizani ikasoma 1.13. Akagawa 11.6 kwa 1.13, akapata kama 10.3, yaani sarafu ni nzito mara 10.3 kuliko maji ya ujazo wake, akanirudishia sarafu bila neno. Fedha ya daraja hilo hutoa hapo hapo, 10.2 mpaka 10.4. Shaba nyeupe yenye nikeli ingesoma karibu 1.3. Risasi ingesoma pungufu kidogo, 1.02 hivi, ndiyo maana mizani ya jikoni haifai kwa kazi hii. Sumaku nayo ijaribu, ila sumaku hukukamatia mwongo mjinga tu: risasi na shaba haziivuti.

Nafasi ya pili naipa reale nane, yaani peso ya fedha ya Kihispania, ya meli ya El Cazador, na kama una fedha za kutosha sitabishana nawe ukianza nayo. Meli hii ya Kihispania iling'oa nanga Veracruz Januari 1784 kuelekea New Orleans na peso 450,000 hivi, ikapotea. Mwaka 1993 wavuvi wa Ghuba ya Meksiko walinasa wavu wao, na walipouvuta, wavu ulipanda na sarafu. Nyingi ni za 1783, zenye sura ya mfalme Carlos III upande mmoja na nguzo mbili upande wa pili, na herufi M yenye o ndogo juu yake, alama ya karakana ya Meksiko. Ilitoka na gramu 27.07. Hapa usitegemee uzito huo, maana chumvi imekula. Ikisoma 25 si dalili ya ubaya ikiwa uso wake umechimbikachimbika kwa namna inayolingana pande zote. Ukiona uso umeliwa lakini uzito umetimia kamili, hapo ndipo uulize. Zipo pia za reale mbili, moja na nusu reale, na kwa mfuko mwembamba nusu reale yenye tarehe inayosomeka ni bora kuliko reale nane iliyobaki kama biskuti iliyolowa chai.

(Riyali na reale ni neno moja. Waarabu walilichukua kwa Wahispania, na wazee wetu wa Unguja wakaipa dola ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, jina hilo la reale. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kuzipenda sarafu hizi mbili pamoja.)

Ya tatu ni Hollandia, meli ya kampuni ya Kiholanzi iliyozama visiwa vya Scilly, Uingereza, mwaka 1743 na kupatikana 1971. Sarafu nzuri, ila huonekana mara chache zaidi. Ikikujia na cheti, ichukue.

Atocha naiweka ya nne, na si kwa kuidharau. Ilizama karibu na Florida tarehe 6 Septemba 1622, na kikosi cha Mel Fisher, mtafuta hazina wa Marekani, kiliifikia shehena kuu tarehe 20 Julai 1985 baada ya kuitafuta miaka 16. Sarafu zake, nyingi za karakana ya Potosí, Bolivia ya leo, zilikatwa na kupigwa kwa mkono, hakuna mbili zinazofanana, na kwa mnunuzi mpya huo ndio mtego. Mwenye jicho bado changa hawezi kutofautisha umbo la nyundo na umbo la kalibu. Cheti chake halali hutaja daraja, kutoka la 1 lililo bora mpaka la 4, pamoja na namba na uzito. Pima, linganisha, kisha shika picha na utafute kila kishimo ukingoni.

Kidani changu cha kwanza kilikuwa "cha Atocha". Cheti kilisema kimetengenezwa kwa fedha iliyotoka Atocha, nami nikalipita neno "kimetengenezwa" mbio. Fedha ilikuwa ya kweli, ya mikuo iliyoyeyushwa. Sarafu ilikuwa ya juzi. Nililia kweli, kwa sababu nilikuwa nimemnunulia mama.

Usinunue kabisa sarafu unayoambiwa ni ya shehena ya Mercedes, meli ya Kihispania, iliyoopolewa 2007. Mahakama za Marekani ziliamua ni mali ya Hispania, na mwaka 2012 zilirudishwa huko, sarafu zaidi ya nusu milioni. Jua pia kwamba mkataba wa UNESCO wa 2001 unapinga biashara ya mali za kale zilizokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi. John Barry haijafika umri huo, na kwa mwenye kulijali jambo hilo, nami ni mmoja wao, ni sababu nyingine ya kuitanguliza.

Ukishaipata, usiisugue. Si majivu, si ndimu, si dawa ya meno. Weusi unaouona juu yake ni sehemu ya ushahidi, na wanunuzi wazoefu huutafuta.

Na mvuvi wa kwetu akikuletea sarafu aliyoitoa mwambani, Lamu au Kilwa, usitoe pesa. Kenya mali hiyo inalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, Tanzania Bara na sheria ya mambo ya kale ya 1964. Mwombe akuoneshe alipoiokota, kisha mwende pamoja makumbusho.