Nimewaita wapima maweni kabla ya kuchimba karo, haya ndo niliyoyaona

Wanaouliza kama kuna faida kumlipa mtu aje apime kiwanja cha maweni, yaani jiwe tupu la matumbawe, kabla hujaanza kujenga, jibu langu faida ipo, ila sio ile uliyoizoea kuisikia. Wengi wanawaita hawa vijana ili waoneshwe maji yalipo, na ukanda wetu huu wa Makunduchi, Jambiani mpaka Paje hapa Unguja maji yapo chini ya jiwe takriban kila pahala, hilo halihitaji mtaalamu. Kazi yao khasa ni kukwambia wapi usichimbe choo, na hapo ndo nilipoona pesa yangu imefanya kazi.

Sie tunajenga vyumba vya wageni, vya kawaida tu, na karo kubwa nyuma, shimo la maji machafu ya vyoo. Fundi alishachagua pahala, pale jiwe lilipovunjika vunjika, wenyewe mnapajua, kuchimba rahisi na maji machafu yanapotea yenyewe, karo linakaa miaka halijai na kila mtu anasifu karo zuri hilo. Yanapotelea wapi hakuna anaeuliza. Jiwe la matumbawe limejaa mipasuko na mapango, maji yanapita mbio humo ndani, hayachujwi taratibu kama kwenye mchanga, kwahivo kilichoingia huku juu kinatokea kisimani kwa mtu kama kilivyo. Ndo maana visima vingine huku ikinyesha masika maji yanageuka rangi siku hiyo hiyo.

Na ile habari ya mita 30 kati ya choo na kisima ambayo kila fundi anayo mdomoni, ule muongozo wa Sphere wanaoutumia kwenye makambi na maafa ndo unaosema hivo, lakini unaendelea kusema kwenye jiwe la chokaa lenye mipasuko, na matumbawe yetu ndo chokaa hiyo, umbali uongezwe. Hicho kipande cha pili sijasikia fundi akikitaja hata mmoja. Walkerton huko Kanada, Mei 2000, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima cha mji kilichopo kwenye jiwe lenye mipasuko, na klorini ilikuwa haiwekwi inavyotakiwa, watu zaidi ya 2,000 wakaugua na 7 wakafa. Hao wana bomba na maabara. Sie kipindupindu hatusimuliwi tunakijua.

Haya, kazi yenyewe. Wamekuja na GPS, mashine yao na fito ya chuma ndefu, ile fito wanaichomeka kila hatua kadhaa kupima udongo, na kwangu pahala pengi ilikuwa inagonga jiwe kabla haijazama hata kidole. Udongo ndo chujio lenyewe, sa kama udongo hakuna ujue hapo hakuna kinga. Hawakuishia kwenye kiwanja changu, wakaingia mpaka kwa majirani na kwenye vichaka vya nyuma, na nimependa walivyoanza kwa kumfata mzee mmoja jirani yetu badala ya kujifanya wanajua.

"Shkamoo babu, tunatafuta mashimo."

"Marahaba. Mashimo gani, ya panya buku au ya maji?"

Basi akawachukua moja kwa moja mpaka chini ya mkwaju, akasogeza makuti makavu na miba iliyowekwa mbuzi wasitumbukie, na hapo pana tundu pana kama sinia la biriani. Ukiweka kiganja juu yake unasikia ubaridi unatoka chini, mchana wa jua kali. Kijana akadondosha kijiwe, kikagonga, kikagonga tena, halafu chubwi. Kutoka hapo mpaka pale fundi alipotaka kuchimba karo unafika bila ya kuvaa viatu. Nimekulia hapa na tundu hilo nilikuwa nalisikia kwa jina tu, na kuna mengine babu aliwapitisha mbali hakutaka wayachungulie kwa sababu ni ya mizimu, na nilichokiona ni kuwa hayo ya mizimu ndo masafi kuliko yote, hakuna aliethubutu kutupa taka humo.

Mashine ya umeme sasa. Hii ndo inayoonekana ya kisasa na ndo iliyokula karibu nusu ya bili, unachomeka vyuma ardhini unapitisha umeme, mashine inasoma chini kuna jiwe kavu au maji au uwazi. Kwenye maweni matupu vyuma vinachomekwa wapi? Walikuwa wanatafuta vijiufa, wanamwagia maji ya chumvi kutoka kwenye dumu ili umeme ushike, na mwisho kijana mwenyewe akaniambia upande wa mashariki wa kiwanja vipimo hivo asingeviamini sana. Nimemheshimu kwa kusema. Lakini kama mnajua tokea ofisini kuwa jiwe tupu linasumbua, mniambie kabla sijalipa, sio baada.

Kilichonikosha roho ni ile rangi. Wameagiza boza la maji, wakamimina kwenye lile tundu pamoja na rangi ya kijani isiyodhuru, kabla ya hapo walipita kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, na kwa majirani kueleza mtu asije akaona kijani kisimani akasema karogwa, halafu kila kisima cha jirani wakaning'iniza kifuko cha mkaa maalum unaonasa rangi hata ikiwa kidogo jicho halioni. Mchezo wa zamani huu. Ujerumani mwaka 1877 walimwaga kilo 10 za rangi ya namna hii pale mto Danube unapozama ardhini, na baada ya kiasi cha saa 60 chemchem ya Aach, kilomita 12 huko, ikatoka kijani. Kwetu mkaa ulipooshwa maabara kisima cha karibu hakikuwa na kitu, kisima cha mbali upande wa pwani ndo kilichopata. Nyumba ile inakunywa maji yale. Huyo wa karibu ambae fundi alikuwa anamuhofia rangi haikumfikia na wa mbali ambae hakuna aliemfikiria ndo ambae tungempelekea kila kitu.

Ramani waliyoleta inafata utaratibu wa Waswisi, EPIK, unapima vitu vinne: hali ya jiwe la juu, udongo unaolifunika, maji yanavyoingia, na mapango ya chini yalivyoungana. Vikijumlishwa unapata nyekundu, njano na kijani. Inasomeka, hata fundi kaielewa. Ila mistari kati ya rangi na rangi imenyooka mno kwa kazi iliyopimwa kwa vidoa vidoa, mtu atadhani ukivuka hatua moja umeshasalimika. Lile tundu limeandikwa S4, wakati lina jina lake na kila mtu hapa analijua, na babu hakutajwa pahala. Ripoti nzima Kiingereza, nikaanza kutafuta mtoto wa skuli anisomee kurasa za chumvi.

Kurasa hizo zina maana lakini. Maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari, na kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake, sa ukifunga pampu kubwa ukayashusha kidogo tu chumvi inapanda sana. Tukashauriwa pampu ndogo na simtank, ndo tulivyofanya.

Karo tumelihamisha kwenye njano, chini zege, linanyonywa na gari. Fundi kanuna, eti karo lisilonyonya ndo karo gani. Gharama ya gari ipo na inauma, mwenye nyumba ndogo ya kuishi tu nisingemlazimisha mashine, ningemwambia alipie kutembea na rangi basi. Mwenye hoteli hana udhuru. Na muwaite masika, sie walikuja kiangazi kikavu, maji yanapozama wenyewe wakati wa mvua wakawa wanayakisia kwa kuangalia majani yalivyolala.

Nyota nne. Ya tano nawawekea mpaka waandike Kiswahili na bei ya mashine waitenge peke yake, atakae aichukue asietaka aiache.