Uchambuzi wa filamu ya Iru Kodugal: mume mmoja, ofisi moja, wake wawili

Karibuni, watazamaji wapendwa. Filamu ninayoichambua leo ni Iru Kodugal, filamu ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, iliyoongozwa na K. Balachander na kutoka mwaka 1969. Niseme mapema kwamba miongoni mwa filamu za mume mwenye maisha mawili nilizokwisha kuzitazama, hii naipa nafasi ya kwanza, kwa sababu siri yake haikufichwa katika nyumba ndogo ya mtaa wa pili, bali imeketi ofisini, mchana kweupe, mbele ya makarani wote.

Gopinath, anayeigizwa na Gemini Ganesan, alimpenda Janaki akamwoa, lakini mama yake aliipinga ndoa hiyo na wawili hao wakatenganishwa. Miaka ikapita. Akaoa mke wa pili, Jaya, akazaa naye watoto, akawa karani wa serikali, na habari za ndoa ya kwanza akazifungia moyoni. Kisha ofisi yao inapata kolekta mpya, cheo ambacho kwetu tungekilinganisha na cha mkuu wa wilaya, naye si mwingine bali ni Janaki, ambaye baada ya kutengwa na mumewe alirudi masomoni hadi akaingia katika utumishi wa juu wa serikali ya India.

Hapo ndipo filamu inaponinasa. Mtu aliyewahi kuitwa mume sasa anasimama na jalada mkononi akisubiri saini, na aliyekuwa mkewe ameketi kwenye kiti cha mamlaka, kila mmoja akichunga ulimi wake kwa kuwa mlango haufungwi na masikio ni mengi. Balachander aliyajua mazingira haya kwa ndani, maana kabla ya kuwa mwongozaji aliajiriwa katika ofisi ya Mhasibu Mkuu mjini Madras. Ndiyo maana uvumi katika filamu hii unatembea kama unavyotembea maofisini kweli: mtu mmoja anahesabu dakika ambazo karani amekaa chumbani kwa mkubwa, mwingine anaongeza chumvi, na hatimaye maneno yanamfikia Jaya nyumbani. Tukumbuke pia kwamba sheria ya ndoa za Wahindu ya mwaka 1955 hairuhusu mume kuwa na wake wawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo siri ya Gopinath ikifichuka, aibu ya familia si jambo pekee analopaswa kuliogopa.

Kuna wimbo ambao nawaomba msiusogeze mbele. Ni ule unaoanza kwa maneno Punnagai Mannan, ulioimbwa na P. Susheela pamoja na Jamuna Rani kwa muziki wa V. Kumar, ambapo Janaki na Jaya wanapokezana beti kuhusu Rukmini na Bhama, wake wa Krishna, mungu wa Wahindu, kila mmoja akidai kwamba mapenzi ya bwana ni yake. Kwa anayeijua siri, kila ubeti ni shauri linaloendeshwa kwa adabu kubwa kati ya wanawake wawili wenye haki. Tazameni macho ya Sowcar Janaki, mwigizaji aliyebeba nafasi ya kolekta: uso umetulia kama wa kiongozi, lakini macho yanasema mambo ambayo cheo chake hakimruhusu kuyatamka. Jayanthi, katika nafasi ya Jaya, ana kazi ngumu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu wivu wake ungeweza kutuchosha haraka, naye anaufanya uwe uchungu wa mtu anayehisi ukweli bila kuambiwa.

Jina la filamu, Iru Kodugal, maana yake ni mistari miwili: ukitaka mstari uonekane mfupi bila kuugusa, chora mrefu zaidi kando yake. Balachander analitumia wazo hili kupima matatizo ya familia hii, kwani kila shida inayotutisha hufunikwa na nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Sasa niseme lisilonipendeza. Filamu inamhurumia Gopinath kupita kiasi. Anaonyeshwa kama mtu aliyebanwa na mazingira, ilhali nafasi za kumweleza Jaya ukweli anazipata, tena zaidi ya moja, na kila mara ananyamaza huku wanawake wakilipa gharama ya ukimya wake. Ningependa mwongozaji amshike zaidi. Vilevile hadithi ilianzia jukwaani, na mazungumzo marefu yanaidhihirisha asili hiyo. Asiyependa filamu za maneno mengi, tena za picha nyeusi na nyeupe, atahitaji subira.

Mambo ya watoto nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yanayoamua mwisho, na mwisho huo ni mzito. Filamu hii ilipewa Tuzo ya Taifa ya India ya filamu bora ya Kitamil, na mwaka 1972 ikaigizwa upya kwa Kitelugu kwa jina Collector Janaki, na kwa Kihindi kwa jina Sanjog, wakiwamo Mala Sinha na Amitabh Bachchan. Wapenzi wa filamu za Kihindi huenda mnaifahamu hiyo ya pili. Hata hivyo ushauri wangu ni kuanza na ya Kitamil, mkitafuta nakala yenye tafsiri nzuri chini ya picha, kwa kuwa hapa tafsiri mbovu itawanyima nusu ya filamu.