Seti ya ampli ya EL84 ya kujiundia: pesa ziende wapi kwanza

Seti ya ampli (kikuza sauti) yenye lampu moja ya EL84 kila upande, yaani ile ya kioo inayokuza sauti na si ya kuangaza, na lampu ndogo ya ECC83 moja mbele ni chaguo zuri kwa sebule ya Lubumbashi. Wati zake kama tano kila upande zinatosha kwa spika zisizohitaji nguvu nyingi, na gitaa la rumba linasikika nyuzi kwa nyuzi. Udhaifu uko kwenye vipande vinavyokuja sandukuni: mara nyingi vile vya bei ya chini vimewekwa palepale penye mzigo mzito.

Anza na kapasita za kuchuja umeme, ambazo fundi wa hapa anaziita kondansateri. Seti nyingine huja na za volti 350. Transfo ikitoa volti 230, diodi, vipande vinavyougeuza umeme uende upande mmoja, huzifikisha 325 kabla lampu hazijapata moto, kwa sababu katika sekunde hizo hakuna kinachokula umeme. Sasa umeme wa mtaani ukipanda kwa asilimia 10 tu, jambo la kawaida katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya, unakuta karibu 358. Kapasita inavimba kichwa, kisha inavuja. Weka za volti 450, mikrofaradi 100, za kuvumilia nyuzi joto 105. Kama seti inatumia lampu ya EZ81 badala ya diodi, kapasita ya kwanza isizidi mikrofaradi 50, la sivyo EZ81 inaumia kila unapowasha. Sambamba na kapasita lehemu rezista ya kiloomu 220, wati 2, ili umeme ushuke wenyewe ampli ikizimwa. Subiri dakika mbili, pima kwa multimita, ndipo uingize mkono.

Waya nao. Mji wetu unatoa shaba, na inauma kuuziwa hapahapa waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Kabla hujalipa, kwangua ncha kwa wembe: ikitokea nyeupe ndani, rudisha. Kwenye alumini risasi ya kulehemu inakaa juu kama tone la mafuta, haishiki, na baada ya muda sauti inaanza kukatikakatika. Filamenti (nyuzi za kupasha lampu moto) za EL84 mbili na ECC83 zinakula ampea 1.82, kwa hiyo tumia waya wa milimita za mraba 0.75, nyaya mbili zisokotwe kwa kukaza na zilazwe kwenye kona ya chasisi. Nyaya za kebo ya intaneti ni nyembamba kwa kazi hiyo, na plastiki yake si ya kuamini kwenye volti 250 na zaidi. Ganda la tefloni lina thamani ya pesa kwa sababu haliyeyuki unapolehemu. Waya wa fedha uache. Kwa sentimita 15 sikio halitadaka chochote.

Kwenye soketi ya ECC83 wengi hukosea: kwa volti 6.3, pini ya 4 na ya 5 huunganishwa pamoja, na upande wa pili ni pini ya 9. Ukipeleka 6.3 kati ya 4 na 5, lampu inawaka hafifu na sauti inatoka dhaifu. Kwa EL84, lehemu rezista ya kiloomu 1 juu ya pini ya 2 yenyewe, si sentimita tano mbali. Lampu hii ni kali. Bila rezista hiyo inaweza kuanza kutetema kwa mawimbi usiyoyasikia, ikapata moto bure.

Kapasita ya kupitisha sauti kutoka ECC83 kwenda EL84 iwe polipropilini ya mikrofaradi 0.1, volti 630. Ikikutana na rezista ya kiloomu 470 iliyo mlangoni mwa EL84 inapitisha besi hadi chini kwenye hezi 3 na kidogo; kubwa zaidi inapeleka tu mitikisiko ambayo transfo ya sauti haiwezi kubeba. Muhimu ni isivuje. Chomoa EL84, washa, pima volti za moja kwa moja (DC) kwenye hiyo ya kiloomu 470. Ukiona hata volti 1, itupe, maana lampu itavuta umeme kupita kiasi hadi bati la ndani liwe jekundu. EL84 ikirudi mahali pake, pima kathodi, pini ambayo umeme wa lampu unapitia kwenda chasisi: volti 7.3 juu ya omu 135 ni miliampea 54. Hiyo rezista ya kathodi iwe ya wati 3, na kapasita iliyo kando yake isiiguse, kwa sababu joto litaikausha.

Pesa ikibaki, yote iende kwenye transfo za sauti, kiloomu 5 upande wa lampu kwa omu 8 upande wa spika, zenye mwanya ndani ya chuma. Ulizia uzito kabla ya yote: nyepesi sana hupoteza besi, na hakuna kapasita itakayoirudisha. Na kamwe usiwashe ampli ikiwa spika haijaunganishwa. Cheche inaweza kutoboa waya wa ndani ya transfo, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote.